Tulivyozika Mgomba Kathiani

Kwa miaka yote niliyofundisha Fasihi, mimi ndiye niliyekuwa Mfalme. Sikujichagua. Shule yetu ilikuwa ya wavulana, na kila mwaka tulipoigiza ile tanzia ya kale, kila mvulana alitaka kuwa mwanamfalme, kwa sababu mwanamfalme anapigana kwa upanga na kufa vizuri. Hakuna aliyetaka kuwa Mfalme, ambaye ana mistari arobaini na miwili mfululizo mbele ya kaburi. Basi nilijifunga shuka la kitanda, nikavaa taji nililolikata mwenyewe kutoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikapanda jukwaani, na wazazi wakalia. Najua wengine walililia urefu wa mchezo, lakini machozi ni machozi.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mfalme mwenye hasira anamfukuza mwanawe kwa kosa dogo. Miaka inapita. Mfalme anatambua kwamba yeye ndiye aliyekosea, ila kiburi kinamkalisha kitini. Siku anapoinuka hatimaye kwenda kuomba msamaha, tarishi anakutana naye njiani na kumwambia amechelewa. Kijana amekufa. Mfalme anamwaga maneno yake yote mbele ya kaburi, na kaburi halimjibu. Fundisho la mchezo huu nimelieleza mara nyingi hata naweza kulisema usingizini, na marehemu mke wangu alinihakikishia kwamba nalisema.

Mimi nina mtoto mmoja tu, binti. Nilimpeleka chuo cha ualimu. Mwaka wa pili akaacha, akaenda Nairobi kusomea mambo ya filamu. Nilimwambia, kwa sauti ile ile ya jukwaani, kwamba hatafika popote, kwamba ataishia kupiga watu picha kwenye harusi akingojea sahani ya pilau. Siku aliyohitimu sikwenda. Mama yake alikwenda peke yake, akarudi na picha ya binti yetu amevaa joho, akaiweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya kioo, mahali ambapo mtu hawezi kuchukua kikombe bila kuiona. Nimekunywa chai nikitazamana na joho lile kwa miaka. Sikusema neno, na binti yangu hakuuliza. Akija nyumbani Kathiani tulizungumzia mahindi, mvua na dawa zangu za presha.

Mtasema, mwalimu mzima, na hilo fundisho ulilifundisha mwenyewe! Kuliona nililiona. Kuona hakujawahi kumshinda mtu, kinachoshinda ni kufungua mdomo.

Jumamosi moja binti yangu alikuja kutoka Syokimau, anakoishi, akaketi mezani, akaniambia, "Baba, ile tanzia yako nataka kuitengeneza filamu. Lakini iwe ya siku hizi. Watu wavae nguo zao tu. Hakuna mashuka."

Lile la mashuka liliniuma, nikalimeza. Akanieleza. Mfalme atakuwa tajiri wa mchanga, mwenye malori yanayochota mtoni. Mwanamfalme hatakufa kwa upanga bali kwa lori linalorudi nyuma. Kasri itakuwa nyumba ya ghorofa yenye geti jeusi. Nilisikiliza huku nikinyoosha mgongo kidogo kidogo. Kichwani nilikuwa nimekwisha kuvaa suti ya tajiri wa mchanga na kuamua jinsi nitakavyoshika simu.

"Na tarishi?" nikauliza kwa upole, nikimzunguka.

"Tarishi ni soja wa geti. Hiyo ndiyo part yako, Baba. Uko na mstari moja, lakini ni ya maana sana. Mdosi anashuka kwa gari, unamwambia, 'Mdosi, umechelewa.'"

Mistari arobaini na miwili, kwa miaka yote ile, imepungua ikawa maneno mawili, na moja kati ya hayo mawili ni *mdosi*.

"Na Mfalme ni nani?"

"Nimepata mtu. Ako na bucha Masii."

"Bucha! Mimi nimekuwa Mfalme tangu kabla hujazaliwa, na wewe unaniletea muuza matumbo?"

Binti yangu aliweka kikombe chini. "Baba, Mfalme wangu hana hotuba. Anasimama kwa kaburi anasema, 'Kijana wangu, nilikosea. Nisamehe.' Basi, imeisha. Na wewe sijawahi kusikia ukiambia mtu hiyo kitu, hata mama. Siwezi kubahatisha mbele ya kamera."

Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hawezi kumpa kipofu kazi ya udereva. Nikasema chai ina majani mengi. Halafu nikakubali kuwa soja, kwa ukaidi mtupu, ili asidhani nimeumia.

Mazoezi tuliyafanya ukumbi wa kanisa. Yule mwenye bucha alikuwa mtu wa kifua kipana, hakusoma sana, na hakuwahi kuigiza kitu chochote maishani isipokuwa, naamini, uzito wa nyama. Nilijiandaa kumcheka. Kwa bahati mbaya alikuwa mzuri. Alipomfukuza mwanawe, hakupiga kelele kama nilivyokuwa nikipiga mimi. Alisema polepole, akitazama funguo za gari, na ukumbi mzima ukasikia baridi. Nilimchukia kwa dhati.

Waliotuharibia kazi ni akina mama wa kanisa, waliopewa sehemu ya waombolezaji. Katika tanzia ile kuna kundi la wanawake wanaosimama kando, wakiomboleza na kutabiri maafa, lakini hawaruhusiwi kuingilia. Hili la kutoingilia lilikuwa geni kabisa kwa akina mama wa Kathiani. Mwenye bucha alipofika kwenye maneno ya kumfukuza kijana, mama mmoja alitoka kwenye kundi, akaingia katikati yao, akamshika mfalme mkono. "Hapana. Hapana, baba nanii. Ongea na mtoto pole pole. Huyu si ni damu yako?" Binti yangu alimweleza kwamba wakipatana hapo hakuna filamu. Mama akasema haidhuru, bora wapatane. Alikatazwa mara tatu, na mara zote tatu nilijifanya natafuta rungu langu.

Siku ya mwisho ya kupiga ilikuwa ya kaburi, na ilifanyika kwangu. Kamera ilikuwa ya kukodi na asubuhi iliyofuata ilitakiwa kwa mwenyewe, kwa hiyo tulikuwa na mchana mmoja tu, na bila kaburi filamu haina mwisho. Binti yangu alitaka kaburi la kweli, si la kuchorachora. Vijana wawili wakachimba shimo la kimo cha mtu chini ya shamba la migomba, hema likasimikwa, jeneza la kuazimwa likaletwa likiwa juu ya pikapu, na saa sita mchana kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa majirani, ambao hakuna aliyekumbuka kuwaambia.

Milima yetu inaonana. Mtu akisimika hema hapa, ng'ambo wanahesabu nguzo. Hema, jeneza na udongo mwekundu vilipoonekana, watu walianza kuja na kuni, sufuria na vikapu vya mahindi, na wa kwanza kufika alikuwa dada yangu mkubwa, ambaye ana magoti mabovu na hakuwa amepanda mlima ule tangu mazishi ya mke wangu. Alinikuta nimesimama kando ya shimo, nimevaa koti la soja.

"Aiya! Si wewe ndiye umekufa?"

"Hakuna aliyekufa, dada. Tunapiga filamu."

Alinitazama mimi, akatazama jeneza, akalitazama shimo kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo hii kaburi si ya mtu?"

"Si ya mtu."

"Mwana wa mama, umesoma mpaka ukaharibika. Umefungua kaburi kwa boma na hakuna mtu wa kuingia? Hiyo unajua inaita nani? Inaita mwenye iko karibu!"

Aliyekuwa karibu zaidi ni mimi. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikijifanya nampisha.

Kwetu kaburi likichimbwa halifukiwi tupu. Kama mwili haukupatikana, au mambo yamebadilika, panakatwa mgomba, nao unazikwa badala ya mtu, ili ardhi ipokee kilichoahidiwa na ifunge mdomo. Nimesoma vitabu vingi na hakuna kilichonifundisha namna ya kubishana na jambo hilo mbele ya dada yangu. Akina mama waliokuja kuomboleza kwa filamu wakakataa kusimama upande ule. Wachimbaji wakaweka majembe chini. Binti yangu alikuwa akitazama jua, halafu saa, halafu mimi.

"Baba, wanataka nini?"

"Wanataka maiti," nikamwambia.

Tukakata mgomba. Dada yangu aliuchagua mwenyewe, mzuri, usio na kovu. Ulifungwa kwa shuka jeupe, ukalazwa ndani ya jeneza, na lazima nikiri kwamba nimewaona wanamfalme wengi katika kazi yangu na huyu ndiye pekee aliyelala bila kucheka. Akina mama walipoona shuka wakaanza wimbo bila kuambiwa. Fundi wa sauti, mtu mnene mwenye ndevu ambaye kazi yake ya kawaida ni vipaza sauti vya mikutano ya injili mjini Machakos, aliniambia hajawahi kunasa kilio kizuri namna ile. Jeneza likateremshwa. Nilisema mstari wangu wa soja, "Mdosi, umechelewa," mara moja tu, ukapokelewa. Ikabaki kazi ya mwenye bucha.

Mwenye bucha alikaribia kaburi akiwa na koti lake jeusi refu. Akatazama chini.

"Mimi hii sisemi," alisema.

"Umesahau?" binti yangu akauliza.

"Sijasahau. Mimi niko na vijana watatu. Mmoja ako kwa lori Mombasa road saa hii. Siwezi kuita 'kijana wangu' kwa shimo."

"Lakini kuna mgomba," binti yangu akamwambia. "Dada ya baba amesema kaburi imetosheka."

"Kaburi imetosheka na mgomba. Na jina nikiita, nani ataitika?"

Wanaume wote waliokuwapo wakaguna kwa kukubali. Binti yangu alibembeleza. Alisema maneno yanaweza kusemwa kwa kunong'ona. Alisema yanaweza kusemwa kwa Kiingereza. Mwenye bucha alisema shimo haliko na lugha. Jua lilikuwa limeanza kuinamia vilima, na nilimwona binti yangu akifanya kile alichokuwa akifanya akiwa mdogo asilie, anauma ndani ya shavu. Niliwaza, filamu yake inafia hapa kwangu, kwa wanaume wenye watoto wa kiume.

Ni dada yangu aliyelitatua. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, akisugua magoti.

"Si huyu aseme," akanielekeza kwa kidevu. "Huyu hana kijana. Hajawahi kuwa na kijana. Hapa hakuna mwenye ataitwa."

Kila mtu alinigeukia. Nimesubiri maisha yangu yote watu waone kwamba mimi ndiye Mfalme wa haki, na sasa walikuwa wameliona, kwa sababu hiyo. Mwenye bucha alivua koti akanivisha, na kwa kuwa ni mpana kuliko mimi likanifika vifundoni. Binti yangu alisema atapiga kutoka nyuma yangu, mgongo na sauti tu, uso usionekane.

Nikasimama ukingoni. Nikavuta pumzi. Na mistari arobaini na miwili ikaja yenyewe, imejipanga. Nilikuwa nimefika wa sita, mkono juu, binti yangu aliponikatiza.

"Baba. Hapana. Yale maneno mafupi."

"Kijana wangu," nikaanza. Likatoka vizuri. Nilikohoa. Nikaomba maji, nikaletewa. Nikasema jua linanipiga machoni, nikasogezwa. Mgomba ulikuwa ukinisubiri kwa adabu. Niligundua kwamba nikilitazama lile shimo sitaweza mpaka jua lizame, kwa hiyo nikageuza kichwa kidogo, kiasi cha kumwona kwa pembe ya jicho, pale nyuma ya kamera, ameinama, nywele zimemwangukia kama za mama yake.

"Kijana wangu, nilikosea. Nisamehe."

Nilisema polepole. Sikuitambua sauti. Kimya kilikuwa kikubwa kiasi cha kusikia akina mama wakipumua.

"Turudie," binti yangu akasema. "Kuna punda amelia."

Sikuwa nimesikia punda, lakini masikio yangu si ya juzi. Nikarudia. Mara hii ilikuwa ndege. Nikarudia, upepo. Mara ya nne nilikuwa nalia waziwazi, nikiwa na koti la muuza nyama, mbele ya kanisa zima. Fundi wa sauti alikuwa amevua vile vidude vya masikioni na kushika sahani ya isyo, mahindi na maharagwe yaliyopikwa na majirani, nikamhesabia uvivu. Mara ya tano punda tena. Mara ya sita hasira ilinipanda, nikaongeza yangu. "Nilikosea! Ile siku yako ya joho ningekuja! Nilikuwa nimepiga viatu rangi, vilikuwa mlangoni, nikakaa tu! Nisamehe!"

"Hiyo haiko kwa script, Baba," alisema kutoka nyuma ya kamera. Sauti yake ilikuwa na mafua. "Rudia."

Nikarudia mara ya saba, bila joho, bila viatu, maneno yake tu. Kisha akasema, "Tumepata," akaenda nyuma ya pikapu kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimepangwa.

Mgomba tuliufukia kwa heshima zote. Dada yangu alitaka sala, ikasaliwa, na mzee mmoja ambaye hakuwa ameelewa kitu tangu mchana aliniambia pole sana, Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Nikamshukuru.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi mmoja mjini Machakos. Watu walijaa, nusu yao kutoka Kathiani, kuja kuona mgomba. Ilikuwa filamu nzuri. Sisemi kama baba, nasema kama mtu aliyeingia akiwa na kalamu nyekundu mfukoni. Tulipofika mwisho, kwenye kiwambo palionekana mgongo mpana wa koti jeusi, udongo mwekundu, na sauti ya mzee ikasema maneno yake machache, na ukumbi ukalia kuliko ulivyowahi kunililia nikiwa na taji. Taa zilipowashwa, watu wakamkimbilia mwenye bucha kumpongeza kwa ile sehemu ya kaburi. Akapokea pongezi zote, mmoja mmoja, mkono kifuani, na hata aliponiona hakuona haya.

Nilikuwa natoka nikiwa nimenuna, fundi wa sauti akanishika mkono mlangoni.

"Mwalimu, muvea muno, asante sana kwa ile kazi. Unajua tumetumia ile ya kwanza kabisa? Iliingia safi."

"Ya kwanza? Si ilikuwa na punda?"

"Punda gani?" Akacheka, akitikisa ndevu. "Hakukuwa na punda. Hizo zingine hata mashine sikuwa nimewasha. Alinipigia ishara na mkono nizime, nikajua ni mambo ya director."

Nilibaki pale mlangoni watu wakinipita. Mara sita zaidi. Nilijaribu kukasirika, kwa mazoea, na hasira haikuja.

Binti yangu alinikuta nje, kando ya gari lake. Alimtazama fundi kwa mbali, kisha akanitazama mimi, kwa uangalifu.

"Fundi amekwambia nini?"

"Ameniambia yule punda alisumbua sana siku ile."

"Sana," alisema, akatazama chini, akizungusha funguo.

"Kama bado analia," nikamwambia, "mimi niko. Nitarudia."

Halafu akafungua mlango wa gari upande wangu, akanisubiri nikae vizuri, akaukusanya upindo wa koti langu usibanwe na mlango.

"Amenyamaza, Baba," akasema. "Twende nyumbani."